Miguu ya Kukagua Sakafu

Rafiki yangu amejenga. Juzi alinialika niione nyumba, na mlangoni akaniomba nivue viatu kwa sababu sakafu ya sebule ni ya mbao na vanishi imekauka hivi karibuni tu. Vumbi la msasa lilikuwa bado limejificha pembeni, na pua yangu ikalitambua kabla macho hayajaona chochote. Ilikuwa mvule. Vumbi la mvule huwasha puani kama pilipili iliyosagwa mbali. Nilisimama pale na viatu mkononi, soksi miguuni, nikashindwa kupiga hatua. "Ingia, haiumi," rafiki yangu alisema, akacheka. Niliingia, nikasifu, nikanywa chai. Sikumweleza kitu. Lakini wewe ni wa rika langu, na huenda nawe ulilelewa kipande cha utoto wako katika nyumba isiyokuwa yenu, kwa hiyo nitakueleza wewe.

Baba alipofariki, mama yangu alibaki Macalder akichekecha dhahabu kama wanawake wengine wa pale, mimi nikapelekwa Oyugis kwa dada yake mkubwa. Mumewe, ambaye nilimwita baba mkubwa, alikuwa fundi wa sakafu za mbao. Usifikiri kazi hiyo haina wateja huku kwetu. Watu wanastaafu Nairobi, wanarudi kujenga nyumbani, na wengine hawataki tena saruji wala vigae. Wanataka mbao, kama walivyoona kwenye ofisi za wakubwa wao. Baba mkubwa aliwafanyia kazi kuanzia Rangwe hadi Homa Bay, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, mbao zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite katikati na zikauke polepole.

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne: baba mkubwa, mama mkubwa, binti yao Akinyi tuliyelingana umri, na mimi. Wageni wakija, mmoja lazima angeuliza, "Na huyu mwingine?" Mama mkubwa alijibu bila kugeuka, "Ni wa dada yangu. Nyar Migori." Yaani msichana wa Migori. Si jina baya. Huku kwetu mwanamke anaweza kuitwa kwa alikotoka hadi azeeke, na aitwe kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na nilisikia kitu kimoja tu ndani yake, kwamba sikuwa wa pale. Nilitaka siku moja mama mkubwa aulizwe vile, aseme, "Huyu? Ni mtoto wetu." Sikutaka kitu kingine. Sikutaka nguo, sikutaka nyama zaidi kwenye sahani. Nilitaka maneno hayo matatu, yasemwe mbele ya watu.

Na niliamini yanakuja, kwa sababu mama mkubwa alikuwa ananiosha miguu.

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kazi zote zikiwa zimekwisha na nyumba inanukia sabuni, aliniita jikoni. Nilikaa kwenye kigoda. Aliweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaiacha miguu yangu mle mpaka ngozi ikalainika, kisha akachukua lile jiwe jeusi lenye matundu, akanisugua nyayo. Alisugua kisigino, akasugua chini ya vidole, akaondoa kila ngozi iliyoanza kukomaa. Halafu alinifuta kwa taulo na kunipaka mafuta, polepole, kidole kwa kidole. Hakuwa mtu wa kuongea wakati huo. Mara nyingine alipitisha kidole gumba kwenye unyayo ili aone kama nitashtuka. Nilishtuka, nikacheka, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kama wewe ni Msabato huhitaji maelezo. Kama si Msabato, ngoja nikufafanulie. Kanisani kwetu, kabla ya meza ya Bwana, watu huoshana miguu. Wanawake huingia chumba chao, wanaume chao, wawili wawili, kila jozi na beseni lake. Niliona mama yangu kule Macalder akimwosha miguu jirani waliyekuwa wamegombana naye kwa sababu ya maji ya kuchekechea. Walikumbatiana, wakalia wote wawili, na kuanzia siku hiyo wakatumia kisima kimoja. Kwa hiyo nilijua jambo lile lina maana gani. Mtu akipiga magoti mbele yako na kukuosha miguu, amekukubali. Watu wazima walifanyiana hivyo mara chache katika mwaka. Mimi nilifanyiwa kila Ijumaa! Nilikaa juu ya kile kigoda nikijihesabu, moyoni mwangu, kuwa mtoto anayependwa kuliko wote Oyugis.

Akinyi alikuwa akisimama mlangoni akitazama. "Mimi mamangu hajawahi kuniosha miguu tangu nijue kujiogesha," alisema siku moja, mama yake akiwa ametoka kumwaga maji. "We unaoshwa kama maiti."

"Una wivu," nilimjibu.

"Wivu ya nini? Ya miguu?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yawa, Nyar Migori, we ni mjinga sana."

Nilimwonea huruma. Niliona kabisa kwamba anaumia.

Kulikuwa na mengine pia, na yote niliyasoma kwa namna hiyo hiyo. Mimi sikuruhusiwa kutembea pekupeku hata uani. Nilivaa soksi na malapa kutwa nzima. Akinyi alitumwa mtoni na shambani, mimi nikabaki ndani nikichambua mchele. "Hiyo miguu usiniharibie," mama mkubwa aliniambia nikikaribia mlango. Niliona ananilinda.

Sasa nikueleze kazi ya miguu hiyo. Sakafu ya mbao ikishapigwa randa na msasa, inaonekana laini kama kioo, lakini jicho hudanganywa. Kuna nyuzi ndogo zilizolala ambazo vanishi itazisimamisha, na kuna vibanzi ambavyo havijaachia ubao bado. Mteja akipita pekupeku akachomwa, jina la fundi limekwisha. Basi kabla ya vanishi, baba mkubwa alinileta mimi. Nilivua malapa na soksi, nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta, nikiburuta nyayo bila kuziinua, kwanza kufuata nyuzi za ubao, kisha kuzikata. Pakiniuma nilisimama na kusema, "Hapa." Fundi alikuja na penseli akachora duara, nikaendelea. Unyayo uliokomaa haufai kwa kazi hii, hauhisi kitu. Lazima uwe laini.

Mafundi waliniita Inspekta. "Inspekta amefika, wote nje!" wangesema nikishuka kwenye gari, nami nikaingia nikiwa nimevimba kichwa. Mpaka leo naweza kukueleza mbao kwa miguu kuliko kwa macho. Muhugu ulikuwa baridi na laini kama sahani, mgumu mno hata msumari hauingii bila kutoboa kwanza, na huja kwa vipande vifupi kwa sababu mti wenyewe haunyooki. Harufu yake ni tamu na haiishi haraka. Mvule ulikuwa na joto na mafuta kidogo. Nyuzi zake zimepishana, hivyo ukienda hivi ni laini, ukirudi unakwaruza, na mara nyingine ndani yake mna jiwe jeupe linaloua meno ya msumeno. Grivelia ni nyepesi na nzuri kwa macho, lakini kiatu cha kisigino kirefu huiachia mashimo. Mimi niliipenda, ilikuwa na huruma. Mninga, uliokuja kutoka Tanzania kwa njia ya Isebania, ulikuwa mpole kuliko zote. Ukikauka umekauka, haupindi, haupanuki mvua ikija. Ukitaka ushauri wangu na una uwezo, weka mninga.

Na mkaratusi. Mkaratusi si mbao mbaya, watu huusingizia. Ni mgumu, mzito, na unapatikana kila mahali. Tatizo lake ni hasira. Ukikatwa leo ukawekwa kesho, utajikunja, utapasuka, na kibanzi chake si kama cha mti mwingine. Cha mvule huvunjika. Cha mkaratusi ni kirefu, kinaingia kikifuata njia yake chenyewe kama sindano yenye uzi.

Kulikuwa na fundi mmoja, Ouma, kijana mpole aliyekuwa akikunja vidole vya miguu yake nikiwa kazini, kana kwamba ndiye anayechomwa. Siku moja, tukiwa Rangwe, alimwambia baba mkubwa, "Mzee, kuna njia nyingine. Unafunga soksi ya nailoni kwa mti, ile ya wanawake, unaburuta kwa sakafu. Pale pana kibanzi, soksi inashika. Niliona mafundi wa Kisumu wakifanya hivyo."

Baba mkubwa hakuacha kunoa patasi. "Soksi ikichanika?"

"Unachukua nyingine."

"Inanunuliwa," alisema baba mkubwa. Akanitazama na kunikonyeza. "Sivyo, Inspekta?"

Wote walicheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote. Nilidhani ananisifu. Nilidhani maana yake ni kwamba mimi ni bora kuliko soksi.

Kazi ya Homa Bay ilikuwa kubwa kuliko zote. Nyumba ilikuwa mlimani juu ya ziwa, ya mzee mmoja aliyekuwa mkubwa serikalini, naye alikuwa anakuja Jumapili na wageni kuitazama. Alitaka mninga chumba kwa chumba. Mninga wa sebule ulifika. Wa vyumba vya nyuma ulikwama mpakani, na siku zikazidi kwisha. Baba mkubwa akaleta mkaratusi kutoka kwa mpasuaji wa jirani, akaupaka rangi kidogo pembeni kujaribu, akaona utapita kama mninga.

Ouma aliuweka ubao mmoja shavuni. "Mzee, hii bado inalia maji."

"Italilia ndani. Weka."

Nilifikishwa Ijumaa asubuhi. Na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, mama mkubwa alikuwa ameniosha miguu siku moja kabla ya kawaida, tena kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisugua mpaka nyayo zikawa nyekundu. Alipomaliza aliishika miguu yote miwili mikononi mwake, akasema, "Kesho usituaibishe." Alisema "usitu-", unaona. Usituaibishe sisi. Nililala nikilitafuna neno hilo. Nilikuwa ndani ya "sisi".

Sebule niliimaliza bila duara hata moja. Mninga ulinipokea kama mkeka. Kisha nikaingia chumba cha nyuma, na hatua ya kwanza tu nikajua. Ubao wenye maji ukipigwa msasa, nyuzi zake hulala kwa muda, halafu zinasimama zenyewe. Chumba kizima kilikuwa kimesimama. "Hapa," nilisema. "Hapa. Na hapa." Ouma alichora akikimbizana nami.

"Usikague kila unywele," baba mkubwa alisema kutoka mlangoni. "Buruta. Haraka."

Niliburuta. Kikaingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia na kwenda ndani, kuelekea kisigino, taratibu, kwa sababu nilikuwa bado naenda mbele. Sikupiga kelele. Inspekta hapigi kelele. Nilisimama juu yake, nikanyoosha kidole chini, nikasema, "Hapa."

Baba mkubwa alikuja akachuchumaa. Alitazama ubao, akapitisha kidole palipotoka kibanzi. Kisha akaona kile kilichokuwa kinatiririka kutoka chini ya unyayo wangu.

"Toa mguu!" alipiga kelele. "Toa mguu, damu inaingia kwenye mbao!"

Alikuwa sahihi kuhusu mbao. Ubao usiopakwa vanishi hunywa chochote, na damu haitoki kwa msasa wa kawaida. Lazima ukwangue ndani. Alikuwa tayari anaitisha kitambaa na maji. Ouma ndiye aliyeninyanyua akanitoa nje, akaniketisha kwenye rundo la mchanga. Alivuta kwa koleo, kikatoka kipande, akakipima kwa macho na shimo alilokuwa ameliona ubaoni.

"Nusu imebaki," alisema.

"Imebaki ubaoni?" baba mkubwa aliuliza kupitia dirishani.

Ouma alizidi kuubonyeza unyayo wangu, akiitafuta.

Mama mkubwa alisema ni kibanzi tu, kitatoka chenyewe. Sabato ikapita. Jumapili mzee wa Homa Bay akaja na wageni wake, wakavua viatu, wakatembea, wakafurahi. Niliambiwa hivyo, maana mimi nilikuwa kitandani na mguu mkubwa kama wa mtu mwingine. Ulipoanza kunuka ndipo nilipopelekwa hospitali. Walipasua unyayo, wakatoa kipande cha mti cheusi kilichooza, wakasafisha, wakafunga. Daktari alimuuliza mama mkubwa kilichotokea. "Watoto," alisema. "Alikanyaga kijiti akicheza."

Kidonda kilipona vibaya. Ngozi ilirudi nene, ngumu, ya kung'aa, na mguu wa kulia ukafa ganzi kuanzia vidole hadi katikati. Mama mkubwa alinipima na sindano ya kushonea. "Unahisi?" Hapana. Akasogeza. "Na hapa?" Hapana. Alisukuma zaidi, nikaona sindano imesimama bila kushikwa. Akaichomoa, akaifuta kwenye leso yake, akairudisha kwenye kitambaa chake.

Ijumaa ikafika. Nilitandika vitanda, nikafagia, nikavua soksi na kukaa kwenye kigoda changu jikoni, nikangoja. Mama mkubwa aliingia na beseni. Akakipita kigoda, akamimina maji ndani, akaanza kuloweka maharagwe ya Sabato.

Baada ya muda alinitazama. "Unangoja nini?"

"Miguu, mama."

"Ya nini tena?" alisema. Hakusema kwa hasira. Alishangaa tu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hanoi kisu kilichovunjika.

Nilivaa soksi zangu. Nilipotoka nilimkuta Akinyi ukutani, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Si nilikuambia," alisema kwa sauti ndogo, akaondoka. Nilibaki pale pale nyuma ya mlango, kwa hiyo nilimsikia baba mkubwa akiingia jikoni kuuliza. "Ule mmoja si mzima?"

"Utaburuta mguu mmoja?" mama mkubwa alijibu. "Sasa huyu ni wa kazi gani? Arudi kwa mamake. Kuna kasichana ka yule mjane wa Rangwe. Kadogo, kanavaa viatu kila siku. Nimekaona kanisani."

Huwa naambiwa na watu kwamba mtoto huhisi asipopendwa. Si kweli, nami nasema hivyo bila uchungu ili kama wewe hukuhisi usijilaumu. Mtoto huchukua alichopewa na kukitafsiri vizuri kadiri awezavyo. Mimi nilikuwa nimepewa maji ya moto, chumvi na mafuta, nikajenga humo mama mzima.

Nilirudishwa Macalder kwa lori lililobeba mbao hadi Migori, na kutoka hapo kwa pikipiki. Mama yangu alinipokea mahali pa kusagia mawe, kanga imefungwa kiunoni, miguu yake imepasuka kama udongo wa kiangazi, kwa sababu maji yale na vumbi lile haviachi ngozi. Alinikumbatia. Kisha, kama wamama wote, akanikagua kuanzia juu, na alipofika chini akanivua malapa, akapiga magoti palepale kwenye kokoto na kuushika mguu wangu wa kushoto, ule mzima, akaugeuza.

"Yawa," alisema. "Tazameni miguu ya mtoto wangu." Aliwaita wenzake. "Tazameni vile dada yangu amemtunza. Hajakanyaga hata jiwe moja." Wanawake walishika, wakashangaa, mmoja akasema ni miguu ya mtoto wa mzungu. Kovu la kulia waliliona pia. Mama alikuwa ameshaambiwa kwenye simu, kijiti, mchezo, na hospitali waliyonipeleka. Alilia kwa shukrani. Akatoa simu, akampigia dada yake, akaweka sauti ya nje ili wenzake wasikie.

"Dada, ero kamano. Amefika. Nimeona miguu yake. Mungu akubariki, umemlea kuliko mimi ningeweza."

Sauti ya mama mkubwa ilitoka wazi, kubwa, juu ya kelele za mawe, na wanawake wote walinyamaza kusikiliza.

"Unanishukuru ya nini? Huyo si wa kwako peke yako. Ni mtoto wetu."

Wanawake waliguna kwa kupendezwa. Mama alifuta macho kwa kanga. Kisha mama mkubwa akasema, "Hebu nipe nimsalimie," nami nikapewa simu. Mama alizima sauti ya nje ili tuongee vizuri, akarudi kwa wenzake kuendelea kusifu.

"Nyathina," mama mkubwa alisema sikioni mwangu. Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Alishusha sauti. "Ule mguu. Bado umekufa, ama umeanza kuhisi?"

Malapa yangu yalikuwa yamebaki mkononi mwa mama. Nilikuwa nimesimama pekupeku juu ya mawe yaliyosagwa, na nilikuwa nahisi tangu aliponivua. Chini ya kovu, mbali kidogo, kama mtu anayegonga nyumba ya pili, kokoto zilikuwa zinaniuma. Moja yenye ncha. Nyingine. Ningesema ndiyo, lori lile lingenirudisha kabla ya Ijumaa, na beseni lingejazwa maji.

Niliukandamiza mguu chini mpaka machozi yakatoka.

"Hauhisi kitu, mama mkubwa," nilisema. "Hauhisi kitu kabisa."

Alikata simu bila kuaga.